Naomba ushauri: kofia ya pama ya kununua mara moja na kuvaa hadi uzeeni

Mleta uzi:
Wakuu, habari za muda huu. Kuna jambo linanikera, nikaona nililete kwa wanaojua.

Marehemu baba aliacha pama ya felti, kahawia iliyokolea. Imenizidi umri, maana kwenye picha za harusi yake ameishika mkononi. Mpaka leo ukingo umenyooka na kile kibonyeo cha juu kiko palepale. Mimi miaka miwili iliyopita nilinunua yangu mpya, kwa macho zinafanana kama mapacha. Ikanyeshewa mara moja tu. Nikaianika juani, halafu nikaja kuisahau nyuma ya kioo cha gari mchana kutwa. Sasa ukingo unapiga mawimbi kama bati bovu, na kichwani haiingii tena, inakaa utosini kama kifuniko cha chupa.

Ya baba ningeivaa ila inanibana kwenye paji la uso, na sitaki kuilazimisha nikaichana. Nataka kununua nyingine, safari hii kwa akili. Niangalie nini? Na nikishaipata, niitunzeje ili mwanangu naye aikute? Nawasilisha.

Kipara Ngoto:
Mkuu, wewe hujanunua kofia, umenunua picha ya kofia. Ngoja wataalamu waje.

Fundi Kalibu:
Pole mkuu. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya kunyoosha na kukarabati kofia, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Felti haifumwi. Ni nywele za mnyama zilizosongwa kwa maji ya moto, mvuke na kukandamizwa hadi zikashikana zenyewe. Ukitazama unywele kwa hadubini una magamba madogo, hayo ndiyo yanayong'ang'aniana. Sasa swali ni nywele za nani. Sufu ya kondoo ni rahisi kupatikana lakini haisongeki sana, ikilowa inavimba na ikikauka inarudi ndogo. Hiyo ndiyo yako, naweka dau. Manyoya ya sungura yanashikana zaidi, felti yake inakuwa nyembamba lakini ngumu kuchanika. Sungura pori ni bora zaidi, na juu kabisa yuko biva, yule mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa. Manyoya yake yanavumilia mvua kuliko yote. Ya baba yako huenda ni sungura.

Dukani fanya hivi. Bonyeza ukingo taratibu kwa kidole kisha uachie. Felti nzuri inarudi yenyewe, na mkononi ni laini kama sikio la ndama. Ya ovyo imepakwa gundi nyingi ya kukazia, inagoma kama kadibodi, na mvua ya kwanza ikiitoa hiyo gundi ndipo unapoona mawimbi. Halafu igeuze, utazame ndani. Ule mkanda wa jasho uwe wa ngozi na uwe umeshonwa. Ukiona kitambaa kimebandikwa kwa gundi, irudishe rafu. Mkanda ndio moyo wa kofia: ukishonwa, siku ukichoka unafumuliwa na kuwekwa mwingine, na kofia inaanza maisha upya.

Mleta uzi:
Asante sana mkuu. Lebo ya yangu nimeiangalia sasa hivi: sufu asilimia 100. Na mimi nilidhani hiyo ni sifa! Vipi hizi zenye alama za ubora za X ndani, 10X, 20X? Na majina makubwa yanasaidia?

Fundi Kalibu:
Hizo X hazina kipimo kimoja cha watengenezaji wote. Kila kiwanda kina hesabu yake, kwa hiyo 20X ya huyu inaweza kuzidiwa na 6X ya yule. Zinakusaidia kulinganisha kofia za kiwanda kimoja tu. Majina kama Borsalino ya Alessandria kule Italia, tangu 1857, au Stetson iliyoanzia Philadelphia mwaka 1865, yamejenga heshima yake kwa kazi. Lakini jina moja linaweza kukaa juu ya sufu na juu ya manyoya, kwa bei mbili tofauti. Soma lebo ya ndani, jina lisikupofushe.

Mama Sindano:
Wote mnarukia malighafi, kichwa hamjakipima. Mimi nashona, na nakwambia kofia nyingi zinakufa kwa sababu hazikumtosha mwenyewe. Inayobana inavutwa kila siku mpaka mshono wa mkanda unakatika. Inayopwaya inashikwashikwa kila upepo ukipita, na vidole ni adui.

Chukua tepu ya fundi, izungushe katikati ya paji, sentimita moja hivi juu ya masikio, hadi pale kisogo kilipochomoza. Usikaze. Pima mara tatu, uchukue kipimo kinachojirudia. Na ukinunua kwa namba uwe macho: sentimita 58 ni 7⅛ kwa Waingereza, lakini kwa Wamarekani ni 7¼. Watu wamepokea mizigo wakalia.

Kuna na umbo. Wanaume wawili wote wa 58, mmoja ana kichwa kirefu kama yai, mwingine cha mviringo. Kofia ikikubana mbele na nyuma huku pembeni vidole vinapita, ujue ni ya duara na wewe ni yai. Hapo kuongeza namba siyo dawa, tafuta iliyokatwa kwa umbo lako au mpe fundi mwenye kalibu, lile umbo la kuumbia kofia, aiweke sawa kwa mvuke. Ukiwa katikati ya namba mbili, chukua kubwa. Kubwa inapunguzwa kwa kuweka kipande cha sponji au karatasi nyuma ya mkanda. Ndogo inatanuliwa kidogo sana, zaidi ya nusu namba unaitesa.

Kipara Ngoto:
Sisi wenye vipara namba zetu hazibadiliki baada ya kunyoa, faida ndogondogo hizo.

Jicho Kavu:
Kwa nini ununue mpya? Za zamani zimejaa, na felti ya zamani ilisongwa vizuri kuliko hizi. Mimi zote tatu nilizonazo ni za mtumba, na hakuna mpya inayozifikia.

Fundi Kalibu:
Nakubali nusu, mkuu. Felti ya zamani mara nyingi ni nzuri kweli. Ila zile kongwe kabisa zina kesi. Zamani viwandani manyoya yalipakwa dawa yenye zebaki ili yasongeke haraka. Wafanyakazi walikuwa wanatetemeka mikono, na mji wa Danbury kule Connecticut, uliokuwa na viwanda vingi vya kofia, ukaipa hiyo tetemeko jina lake. Marekani iliacha mwaka 1941. Kofia ya kabla ya hapo inaweza kuwa bado na mabaki, kwa hiyo usiipige mvuke ndani ya nyumba wala kuikwangua ndani. Iweke kabatini uitazame. Za Marekani za baadaye, vaa kwa amani, ila kagua mkanda: ngozi ikikunjwa na kutoa vumbi kama biskuti, jua unanunua kazi.

Jicho Kavu:
Hiyo ya zebaki sikuijua. Moja yangu ngoja niitazame vizuri.

Mzee wa Ukingo:
Kijana, swali lako la pili wamelipita. Kutunza ndiko kulikoiweka ya baba yako, siyo manyoya peke yake.

Usiishike kwa kile kibonyeo cha mbele, hata kama kwenye picha wanafanya hivyo. Pale ndipo inapotoboka kwanza. Shika ukingo, mbele na nyuma. Ukiivua, ilaze kichwa chini ukingo juu. Ukiikalisha kwa ukingo, uzito wote unaulalia na utajikunja. Msumari ukutani nao utaacha chunusi kwenye felti.

Ikinyeshewa, kung'uta maji, rudisha kibonyeo kwa vidole, kisha toa ule mkanda wa ngozi nje, uukunjue mpaka kofia isimame juu ya mkanda wenyewe. Iache hapo hadi ikauke yenyewe kivulini, hata kama ni siku mbili. Jua, jiko na mashine ya kukausha nywele hapana. Unajua ulichofanya kwenye gari? Ngozi ya mkanda ililowa, ikapata joto, ikasinyaa, ikavuta felti nayo. Mkanda ndio ulioiua kofia yako.

Brashi iwe ya nywele laini. Pitisha kinyume cha mshale wa saa, kufuata manyoya yalikolala, mara moja kwa wiki ukiivaa sana. Kofia nyeusi na nyeupe zisichangie brashi. Mkanda ufute jasho kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Doa la mafuta kwenye felti ya rangi nyepesi linyunyizie wanga wa mahindi, lala, asubuhi piga brashi. Na uwe na mbili kama unaweza, moja ipumzike. Jasho halikauki usiku mmoja.

Nondo je? Hao nondo wenyewe hawali kitu, ni viwavi wao, na wanapenda felti yenye jasho na uchafu. Isafishe kabla ya kuiweka kwenye boksi, na uifungue kila baada ya muda. Naftalini inawafukuza, lakini utanuka kabati mwaka mzima. Ukiwakuta tayari, funga kofia vizuri ndani ya mfuko uitie kwenye friza wiki mbili, kisha iache ipate joto la chumba kabla hujaufungua.

Chepeo Juu:
Samahani kuingilia uzi, vipi zile nyeupe za Panama? Nazo zinadumu hivyo?

Mzee wa Ukingo:
Kwanza zinatoka Ecuador, siyo Panama. Zilipitia Panama kwenda sokoni, na Roosevelt, rais wa Marekani, alipopigwa picha ameivaa kwenye Mfereji wa Panama mwaka 1906, jina likaganda. Zinasukwa kwa majani ya mmea uitwao toquilla, na zile za Montecristi, mji wa hukohuko Ecuador, zina ususi mwembamba ambao kwa mbali unadhani ni kitambaa. UNESCO iliutambua ususi huo mwaka 2012.

Kudumu? Inadumu ukiiheshimu, ila siyo kama felti. Adui wake ni ukavu: majani yakikauka yanapasuka pale unapobana kwa vidole. Kwenye hewa kavu ipulizie maji kidogo sana mara mojamoja. Na ule mchezo wa kuikunja kama mkeka na kuitia kwenye boksi, hiyo ni ya safari, siyo ya kuhifadhia. Ukifika ikunjue siku hiyohiyo.

Kipara Ngoto:
Mimi nabaki na kepu yangu bapa ya sufu. Uingereza mwaka 1571 bunge lilipitisha sheria kila mwanamume wa zaidi ya miaka 6, isipokuwa watu wa tabaka la juu, avae kofia ya sufu Jumapili na sikukuu, la sivyo faini. Ikafutwa 1597. Mimi bado naitii.

Mleta uzi:
Wakuu, nimerudi na mrejesho, na mtanicheka.

Nimepima kichwa kama mama alivyosema. 59, mara tatu zote. Nikasema basi, kabla sijaanza kutafuta nijifunze kutoa mkanda kwa ile ya baba, maana mzee ameeleza vizuri. Nikaukunjua polepole. Nyuma yake kulikuwa na vipande vya gazeti vilivyokunjwa mara nne, kuzunguka kofia yote. Vimekuwa vya kahawia, herufi hazisomeki. Chini yake kuna kikaratasi kidogo cha namba: 59.

Kumbe mzee kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko changu, akainunua kubwa akaijaza. Nimetoa magazeti, nikarudisha mkanda, nikavaa. Imekaa. Haibani popote. Niko nayo kichwani hapa ninapoandika.

Mama Sindano:
Jamani! Sasa nimelia bila sababu.

Fundi Kalibu:
Safi sana. Usinunue kitu. Mkanda umekaa umejikunja miaka yote hiyo, kwa hiyo wiki ya kwanza vaa kwa saa chache na usiuvute, ngozi ijizoeze. Mshono wa nyuma, pale penye fundo dogo la utepe, uukague. Uzi ukiwa umelegea mpelekee fundi kabla haujakatika.

Mleta uzi:
Nimeutazama, sehemu mbili umelegea. Naipeleka. Na ile yangu ya mawimbi nitupe?

Mzee wa Ukingo:
Usitupe. Chemsha birika, uishike juu ya mvuke, ujifunzie kunyoosha ukingo kwa hiyo. Ukiharibu, hujaharibu kitu.