Tupeane uzoefu: kanuni gani ya vita vyako vya mezani uliipenda, kisha ukaifuta?

Visoda na Vibao (mwanzisha mada), Dar

Wakuu, habari za jioni. Najua tuko wachache tunaocheza vita vya mezani vya vikosi vikubwa, vile vya mazimwi, majoka na wachawi, na wachache zaidi tunaoandika kanuni wenyewe. Naomba kila mmoja alete kisa kimoja: kanuni uliyoitunga kwa jasho lako, ukaipenda, meza ikaikataa. Ilikuwaje, na uliweka nini mahali pake?

Naanza mimi. Jeshi langu ni visoda. Kila kisoda ni askari, nimekipaka rangi na kukibandika kichwa cha udongo. Visoda 30 vinakaa kwenye kibao kimoja cha plaiwudi, safu tano za sita sita. Nina vibao vinane, kaka yangu ana tisa. Kanuni za mwanzo nilizitoa kwa Warhammer, mchezo uliotoka Uingereza mwaka 1983 na kuwafungulia wengi wetu mlango: unarusha dadu kuona kama umepiga, unarusha tena kuona kama pigo limejeruhi, kisha mwenzako anarusha kuona kama ngao imemwokoa mtu wake. Nikaongeza hatua ya nne ya kwangu, jedwali la kuonyesha jeraha limeingia wapi: kichwani, kifuani, mkononi au gotini. Nililichora kwa rula na rangi tatu, nikalala nalo kitandani.

Tulianza saa kumi alasiri. Saa nne usiku tulikuwa bado zamu ya tatu. Kaka akanyoosha kidole upande wa kushoto wa meza akaniuliza, "Mdogo wangu, hawa hapa wanashinda au wanashindwa?" Sikuwa na jibu. Nilijua nani kavunjika goti, nani kapoteza jicho, ila hali ya vita sikuijua.

Jedwali nililifuta usiku uleule. Sasa askari hawaondolewi mmoja mmoja, wazo nililoliona kwenye Kings of War, mchezo mwingine wa aina hii. Kila pigo ni punje moja ya harage kando ya kibao. Mapigano yakiisha, kikosi kilichopigwa kinarusha dadu mbili, unajumlisha na maharage yake, ikifika 16 kinatimka chote. Kikosi chenye maharage matano kinakimbia kwa bahati mbaya tu. Kikifika tisa, kuna uwezekano zaidi ya nusu kwamba hukioni tena. Ukitupa jicho mezani, maharage yanakuambia vita vimefika wapi.

Mwalimu wa Hesabu, Morogoro

Asante kwa mada hii mkuu, imenigusa. Kisa changu kinaanzia hapohapo kwenye dadu zako.

Chukua askari 30. Wanapiga kwa 4 kwenda juu, yaani dadu ikitoka 4, 5 au 6, wanabaki 15. Wanajeruhi kwa 4 kwenda juu, inakuwa saba na nusu. Ngao inaokoa kwa 5 kwenda juu, yaani theluthi moja, kwa hiyo wanakufa watano. Sasa rusha dadu 30 mara moja tu na uhesabu zilizotoka sita. Ni tano kwa wastani. Tena si wastani peke yake, hata siku za bahati na za mkosi zitafanana, maana kwa njia zote mbili kila dadu ina nafasi moja katika sita ya kuua. Nilipoligundua hilo nilifurahi mno, nikafuta hatua zote nikabakiza kuhesabu sita peke yake.

Niliwapa wanafunzi wangu wa mchezo wa jioni. Mchezo ukawa wa haraka kweli, ila niliona kitu cha kusikitisha: binti aliyekuwa anashambuliwa alikaa mikono mapajani. Askari wake wanakufa na yeye hana la kufanya. Alipoulizwa kama anataka kucheza tena akasema hapana.

Kwa hiyo kanuni yangu nzuri nikaifuta. Sasa mshambuliaji anarusha kwa 4 kwenda juu, anayeshambuliwa anarusha ngao kwa 3 kwenda juu. 30, kisha 15, kisha watano. Hesabu ni ileile, ila ngao anaishika mwenye watu wake. Yule binti sasa anapuliza dadu kabla hajazirusha.

Fundi Udongo, Mwanza

Watoto wangu wadogo hawataki dadu. Tunapiga wanajeshi wa udongo kwa mpira wa manila, aliyeanguka amekufa. Mwandishi H. G. Wells alipotoa kanuni zake mwaka 1913 naye alitumia mizinga ya springi iliyorusha vipande vya mti, kwa hiyo tuko na wazee. Kanuni niliyofuta ni ya joka kuruka popote. Kila mtoto alitaka joka.

Mpwani

Nduguzangu, salaam. Mimi langu ni la shujaa, na naona hapa ndipo kanuni nyingi za nyumbani zinapozama. Niliandika jeshi la pwani nikamtia Fumo Liyongo. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba silaha haimwingii. Basi nikaandika hivyohivyo: haumii. Nikamsimamisha peke yake kwenye njia ya katikati ya vilima viwili, akazuia jeshi zima zamu sita. Mpinzani wangu alikusanya kete zake kwa adabu akaniambia, "Bwana, hapa mimi nimekuja kumtazama Liyongo, sikuja kucheza."

Kwetu kila mtu hununua jeshi lake kwa pointi, nikapandisha bei yake kutoka pointi 150 hadi 400. Haikufaa. Mtu asiyekufa hana bei. Au anakula meza yote, au humnunui.

Jawabu lilikuwa ndani ya kisa chenyewe, na nilikuwa nalijua tangu utotoni. Liyongo hakuuawa na jeshi. Aliuawa na mwanawe, kwa sindano ya shaba, kitovuni. Sasa kabla ya vita adui anaandika kwenye karatasi jina la kikosi kimoja cha upande wa Liyongo mwenyewe, anaikunja, anaiweka chini ya kikombe. Ndimo alimo mwana. Liyongo akimaliza zamu ndani ya inchi sita za kikosi hicho, adui anaweza kuifunua karatasi na kurusha dadu moja: 3 kwenda juu, amechomwa.

Laiti mngeona mchezo ulivyogeuka. Mwenye Liyongo anawaogopa watu wake. Anamtenga shujaa wake, anamrudisha, anahesabu inchi kwa wasiwasi. Na akishachomwa simwondoi, kwa sababu kisa kinasema alipiga goti kisimani na upinde umevutwa, watu wasithubutu kusogea. Anabaki hapo amepiga goti, na kikosi cha adui kinachotaka kumkaribia lazima kirushe 5 kwenda juu. Wapwa zangu wananyamaza tunapofika hapo.

Niko Leicester

Wakuu, mimi nilipenda amri za siri. Nilisoma kwamba maofisa wa Prussia mwaka 1824 walicheza vita vya ramani kwa kuandika amri na kumpa mwamuzi. Nikawa na vikosi 11, kila kimoja na kikaratasi. Tulicheza kwenye ukumbi wenye baridi, watu wawili bila mwamuzi, tukabishana dakika 40 kuhusu maana ya "songa kidogo kuelekea mtoni". Wale Waprussia walikuwa na mtu wa tatu wa kukata shauri, mimi sikuwa naye.

Nimeziacha. Nimeazima kanuni ya Warmaster, mchezo wa vita vya mezani wa mwaka 2000: jemedari wangu ana 8, narusha dadu mbili, ikiwa 8 au chini amri imefika. Nikitaka kukiamuru kikosi kilekile tena, ni 7, kisha 6. Nafasi zinashuka kutoka 26 katika 36, hadi 21, hadi 15, na ikikataa mara moja jemedari amenyamaza zamu nzima. Nachagua kwa uchungu nani aamriwe kwanza.

Mgeni Mezani, Nakuru

Shikamooni. Nina vibao vinne tu na sijaandika chochote. Nianze na kanuni ipi?

Visoda na Vibao

Marahaba, karibu sana. Anza na ubavu. Chora mstari wa penseli kutoka kona moja ya kibao hadi kona inayokabili, kisha mwingine, utapata pembe nne. Anayekushambulia akianzia pembe ya mbele, dadu ni za kawaida. Akianzia ya pembeni, dadu zake mara mbili. Ya nyuma, mara tatu. Cheza hiyo peke yake mara tatu, bila wachawi wala majoka.

@Mpwani, ile karatasi chini ya kikombe naiomba. Kaka yangu anakuja Jumamosi, na ana shujaa mmoja amenisumbua tangu mwaka jana.

Mgeni Mezani, Nakuru

Nimechora. Jana nimecheza na dada yangu, akazunguka mgongoni mwangu zamu ya pili. Nataka kujua: kikosi kinageukaje, na kugeuka kunakula mwendo kiasi gani?