Kufunga ndoa katika kasri la Egerton, Njoro: shangazi anasema ni mkosi

Swali

Hamjambo wote. Mimi na mchumba wangu tunatarajia kufunga ndoa ya kiserikali mwezi wa Agosti, mbele ya wageni wapatao 200. Baada ya kutembelea kumbi kadhaa, tumebaki na mbili: bustani ya nyumba ya mwandishi Karen Blixen jijini Nairobi, na kasri la mlowezi Mwingereza Lord Egerton lililoko Ngata, Njoro, kama kilomita 14 kutoka mjini Nakuru. Moyo wangu uko Njoro, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa, lakini shangazi yangu amekataa katakata. Anauliza ni bibi harusi gani mwenye akili timamu anayeapa mbele ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mwanamke aliyekataa kuolewa. Je, kuna aliyewahi kuandaa sherehe katika majengo ya kale ya namna hii? Ningependa kujua niulize nini kabla ya kulipa arbuni.

Jibu la kwanza

Dada, hadithi anayoisema shangazi sisi watu wa Njoro tumekua nayo. Inasimuliwa kwamba bwana huyo alimjengea mchumba nyumba ya kwanza, naye akaibeza kuwa ndogo kama banda la kuku. Alipojenga kasri, akaambiwa linafanana na jumba la makumbusho. Sehemu hiyo ni simulizi. Kinachojulikana ni kwamba ujenzi ulianza mwaka 1938, ukakatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, ukamalizika mwaka 1954, na kwamba mwenyewe alifariki mwaka 1958 bila kuoa. Nyumba ya ukoo wao kule Uingereza, Tatton Park, aliyoiachia shirika la National Trust, nayo hufungiwa harusi hadi leo, na huko hakuna anayetaja mkosi.

Mimi ningehofia zaidi mvua. Agosti huku kwetu hunyesha, tena mara nyingi alasiri, na jioni baridi huwauma wazee. Panga kiapo kiwe asubuhi, uweke hema hata kama anga ni jeupe.

Jibu la pili

Kabla ya hema, shughulikieni sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka wanaofunga ndoa ya kiserikali watoe ilani kwa msajili angalau siku 21 kabla ya siku yenyewe, lakini isizidi miezi 3. Kwa kuwa hamtafunga ndoa ofisini kwake, mwulizeni mapema kuhusu leseni maalumu na kama atapatikana siku hiyo. Nimewaona wanaharusi waliochapisha kadi za mwaliko kwanza, kisha wakaanza kumtafuta msajili.

Jibu la tatu

Sisi tulifanya harusi yetu katika nyumba moja ya mkoloni, ambayo sitaitaja. Picha zilipendeza mno, lakini siku yenyewe tuliteseka. Tulionyeshwa vyumba na ngazi za mbao, tukasahau kuuliza kuhusu choo. Wageni 180 walipanga foleni kwenye vyoo viwili. Umeme wa nyumba haukuweza kubeba vipaza sauti pamoja na vifaa vya mpishi, na tulikuwa hatukukodi jenereta. Halafu, kwa kuwa nyumba ilikuwa pia ya watalii, watu tusiowajua walipita nyuma yetu wakati wa kiapo wakipiga picha.

Kwa hiyo uliza, na ujibiwe kwa maandishi: je, geti hufungwa kwa wageni wengine siku ya harusi? Je, malipo yanahusu bustani pekee, au mnaweza kuingia ndani mvua ikinyesha? Je, mishumaa na misumari ya mapambo inaruhusiwa? Nyumba inayohifadhiwa kama turathi haigongwi misumari ovyo, na ni haki yao kukataa. Nyumba ya Blixen nayo ni makumbusho tangu mwaka 1986, kwa hiyo maswali hayo mpeleke pande zote mbili.

Muuliza swali

Asanteni sana. Jumamosi tunarudi Ngata pamoja na mpishi, naye ndiye atakayekagua umeme na maji. Shangazi nimemwalika, na amekubali kuja, eti aone tu hilo banda la kuku.