Raba za kukimbilia kwa anayelalia ndani kidogo: Adrenaline, Kayano au Arahi?

NyayoMbili: Wakuu, raba zangu zimekwisha, nataka kuagiza mpya kabla wiki haijaisha. Muuzaji alinikimbiza kwenye mashine, akarekodi video, akasema miguu yangu ikitua inalalia ndani, yaani kifundo kinainamia upande wa ndani, "kidogo tu, si sana". Nimebaki na tatu: Brooks Adrenaline, Asics Kayano na Hoka Arahi. Nichukue ipi?

Kisigino: Mkuu, unaomba dawa hujasema unaumwa nini. Unakimbia kilomita ngapi kwa wiki? Lami au vumbi? Uzito? Na kuna mahali panauma, au ni muuzaji tu kakutia wasiwasi?

NyayoMbili: Samahani mkuu. 25 hivi kwa wiki, lami tupu, kilo 82. Siumwi, ila ugoko wa kushoto hunisumbua nikiongeza kasi.

SoliNgumu: Adrenaline, funga mjadala. Niko jozi ya nne. Ina kingo mbili za sponji ngumu huku na huku kisiginoni. Mguu ukienda sawa huzisikii, ukianza kulalia ndani ndipo zinaudaka.

MamaMbio: Kaka, usiharakishe. Mimi pia niliambiwa "unalalia ndani", nikauziwa kiatu kigumu kuliko vyote dukani, chenye sponji ngumu upande wa ndani. Siku ya kwanza nilihisi kama nimekanyaga kokoto katikati ya unyayo. Nikajiambia kitalainika. Wiki ya pili kokoto bado ipo. Wiki ya tatu goti likaanza kuuma upande wa nje, nikawa nashuka ngazi kiubavu kama kaa, huku nimeshika ukuta. Fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, alinisimamisha kwa mguu mmoja, akaniambia nikunje goti polepole, akatazama kwa muda, akaniuliza: "Nani alikwambia una tatizo?" Nikarudia raba za kawaida, nikaanza na mazoezi ya nyonga, na baada ya mwezi hivi goti likatulia. Vile vigumu navivaa nikimwagilia bustani.

SoliNgumu: Dada, pole, lakini hicho kilikuwa kiatu kigumu cha mtu anayelalia ndani sana. Mwenzetu analalia kidogo.

Kisigino: Kila mguu unalala ndani ukitua, ndivyo unavyopunguza kishindo. Kulalia ndani huko ndiko kunaitwa pronesheni, na si ugonjwa. Kuna utafiti wa 2014 uliofuatilia wakimbiaji wapya 927 kwa mwaka mzima, wote wakivaa raba za kawaida. Waliolalia ndani hawakuumia zaidi ya wengine.

Lapulapu: Na ule wa Luxembourg wa 2016 mbona unauruka? Wakimbiaji 372, nusu raba za kawaida, nusu za kuzuia mguu usilalie ndani. Waliolalia ndani waliumia kidogo zaidi kwenye raba za kawaida? Hapana, waliumia ZAIDI SANA huko. Kila mtu na utafiti wake humu.

NyayoMbili: Sasa mnanichanganya. Soli yangu imelika kisiginoni upande wa nje. Si ina maana silalii ndani?

Kisigino: Hiyo haikwambii kitu, karibu kila anayetua na kisigino hulika hapo. Weka raba mezani, zitazame kwa nyuma. Zimeinamia ndani? Kisha angalia kama soli imelika chini ya kidole gumba.

PekuPeku: Vueni viatu jamani. Abebe Bikila, yule Mwethiopia, alishinda marathoni ya Roma 1960 peku.

Lapulapu: Na Tokyo 1964 akavaa viatu, akashinda tena, kwa muda bora kwa dakika tatu. Sehemu hiyo hamuisemi.

PekuPeku: Alikuwa na mazoezi ya miaka minne zaidi, si viatu.

Lapulapu: Na kidole tumbo alipasuliwa wiki chache kabla. Basi tuseme kilichomsaidia ni upasuaji.

NyayoMbili: Wakuu, turudi kwangu. Nimezitazama mezani: ya kushoto imeinama kidogo, ya kulia iko wima.

MamaMbio: Kaka, hizo raba umekuwa nazo tangu lini?

NyayoMbili: Mwaka juzi mwanzoni.

MamaMbio: 25 kwa wiki?? Hiyo imepita kilomita 2,000! Wengi hubadilisha kati ya 500 na 800. Ugoko ungenyamaza vipi?

Kisigino: 😂 Na video ulirekodiwa umevaa hizo hizo?

NyayoMbili: Ndiyo.

SoliNgumu: Hata hivyo Adrenaline.

MamaMbio: Rudi ujaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi zako mwenyewe. Kimbia nazo, usisimame tu mbele ya kioo. Ukihisi kokoto, vua.

NyayoMbili: Nimerudi. Kayano laini mno kwangu, Arahi inanibana vidole, Adrenaline saizi yangu imeisha. Kuna aliyevaa Saucony Guide?