Ufadhili wa watafiti wachanga wa vifaa vya falaki: tuhesabu makala au tutazame kifaa?

MLETA MADA
Wakuu, naomba tulijadili hili. Kijana akimaliza uzamivu wa falaki, ufadhili mkubwa anaoweza kuuwania, kama ule wa NASA wenye jina la Hubble, hudumu miaka 3. Kamati zikikaa kuchagua, orodha ya makala ina uzito mkubwa. Anayechambua data za darubini iliyokwisha kujengwa atakuwa na makala za kuonyesha. Anayeunda spektrografu (kifaa kinachochambua mwanga wa nyota kwa kuutawanya katika rangi zake) anaweza kumaliza mwaka mzima hana hata moja, na kazi kafanya usiku na mchana.

Msimamo wangu: waunda vifaa watengewe nafasi zao, zidumu miaka 5, na mwombaji apimwe kwa alichokiunda.

Kumbukeni mwaka 1995. Wanafalaki Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari inayozunguka nyota ya 51 Pegasi, wakitumia spektrografu ya ELODIE kule Ufaransa. Waliigundua kwa kuwa nyota ile, ikivutwa na sayari hiyo, ilikuwa ikiyumba kwa takriban mita 59 kwa sekunde tu. Queloz alikuwa bado mwanafunzi wa uzamivu, na programu ya kuchakata vipimo hivyo aliiandika yeye. Tuzo ya Nobel ikaja 2019. Je, kamati ya leo ingempa nafasi kabla sayari haijaonekana?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, napinga. Kifaa ni kazi ya timu. Fedha hizo waajiriwe wahandisi wa kudumu. Ufadhili ukiisha kijana anafunga mizigo, ujuzi anaondoka nao, na maabara hakuna anayejua kwa nini skrubu fulani ilikazwa nusu mzunguko tu.

MCHANGIAJI WA PILI
Mimi niko maabara, na naona shida kubwa ni muda. Kihisi cha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, lazima kikae kwenye chombo chenye ombwe, yaani kisicho na hewa, na baridi kali. Ombwe likivuja, unapuliza heliamu kidogo kidogo kuzunguka kila kiungo huku ukitazama mashine ya kunusa uvujaji. Unakuta mpira wa kuzibia umeshika unywele mmoja. Unafungua, unasafisha, unafunga, unaondoa hewa upya, unasubiri chombo kipoe. Wiki imekwenda, na hakuna jarida litakalochapisha habari ya unywele. Miaka 3 haitoshi hata kidogo.

MLETA MADA
Ndugu wa kwanza, wahandisi wa kudumu nawataka sana, tena walipwe vizuri. Lakini kwa kawaida wao hupewa mradi uliokwisha kupitishwa. Wazo ambalo halijapitishwa linahitaji mtu aliye huru. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanafalaki Jerry Nelson, akiwa na umri wa miaka 30 na ushei, alipendekeza kioo cha darubini kiundwe kwa vipande vingi. Wengi walitilia shaka kama vipande vingeweza kushikwa sawasawa. Darubini za Keck, kule Hawaii, zikajengwa hivyo, kila moja ina vipande 36 na upana wa mita 10. Darubini ya James Webb, iliyoko angani, ina vipande 18.

MCHANGIAJI WA TATU
Sawa, lakini kifaa utakipimaje? Makala angalau imesomwa na wenzake. Mtu akisema “nilijenga mimi” kwenye mradi wa watu 80, nani atathibitisha? Mlango huo ukiachwa wazi, watakaopenya ni wenye wasimamizi maarufu wa kuwaandikia barua.

MLETA MADA
Hoja hiyo ni nzito, na barua peke yake siikubali. Mwombaji alete michoro, ripoti za majaribio pamoja na yale yaliyoshindikana, na programu aliyoiandika ikiwa wazi kwa kila mtu. Kisha kwenye kamati wakae watu waliowahi kuunda vifaa, wamuulize kwa nini alichagua kihisi hiki akaacha kile. Aliyejenga kwa mikono yake hujibu bila kutafuta maneno.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Kwa masharti hayo naanza kukuelewa. Ila miaka 5 bado naipinga mpaka uniambie nani atakirithi kifaa mwaka wa 6.