MJADALA: Fundi akinakili kiti cha Eames, ameiba?

Patasi: Wakuu, mteja kanionyesha kwenye simu kile kiti cha ngozi na plaiwudi cha mwaka 1956, cha Charles Eames, yule mbunifu wa Marekani, na stuli yake ya kuwekea miguu. Anataka hichohicho. Nimepokea na malipo ya awali. Sasa jirani yangu wa karakana hapa Keko ananiambia nakula jasho la mtu. Ni wizi, au ndio ufundi wenyewe?

Msasa: Ukibandika chini yake nembo ya Herman Miller, kampuni inayovitengeneza, huo ni wizi wa mchana kweupe. Usipobandika, umetengeneza kiti kinachofanana. Na Charles mwenyewe alitaka viti viwafikie watu wa kawaida. Vile vya faibaglasi vya 1950 vilianzia kwenye shindano la samani za bei nafuu la MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, 1948. Mkewe alisaidia tu mambo ya rangi na mito, kichwa kilikuwa Charles.

MamaSponji: "Alisaidia tu"? Patasi mwanangu nisamehe, swali lako nitarudi kulijibu. Huyo mkewe, Ray, alikuwa mchoraji kabla hajamjua huyo Charles, kafundishwa na mchoraji Hans Hofmann kule New York. Walioana 1941, wakahamia Los Angeles, wakawa wanakunja plaiwudi ndani ya nyumba ya kupanga kwa mashine waliyojiundia wenyewe, inajazwa upepo kwa pampu ya baiskeli. Humo ndimo yalimotoka magango ya kufungia miguu iliyovunjika ya wanamaji wa Marekani wakati wa vita, kama 150,000 hivi. Hapo mito iko wapi, Msasa?

Msasa: Mama, sijakutukana. Nasema kilichoandikwa. Mwaka 1946 MoMA walionesha viti vya plaiwudi kwa jina la Charles peke yake. Makumbusho kubwa namna ile ikosee?

MamaSponji: Ikosee kwani ni msahafu? 1956 hiyohiyo, kiti cha Patasi kinazinduliwa kwenye televisheni ya NBC, Charles anakaribishwa kwanza, Ray anaingizwa baadaye kama mke aliye nyuma ya mume aliyefanikiwa. Miaka 19 niko karakana moja na mume wangu. Napima mimi, nakata sponji mimi, nashona mimi. Mteja anaingia, ananikuta na mkasi mkononi, ananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Ndiyo maana neno lako limeniuma.

Msasa: Pole kwa hayo. Lakini ya kwako si ushahidi wa ya Ray.

MtotoWaKeko: Mama uko sawa, ila na wewe unawasahau wengine. Ofisi yao pale namba 901, Venice ya Los Angeles, ilijaa vijana. Harry Bertoia alikuwemo kwenye kazi ya plaiwudi, akaondoka, baadaye ndiye aliyewatengenezea kampuni ya samani ya Knoll kile kiti cha waya, Diamond, 1952. Mnagombea jina la mume na mke, waliopinda mbao nani anawataja?

Msasa: Vijana wanalipwa. Anayelipa ndiye mwenye jina.

MtotoWaKeko: Mimi nilichora meza, bosi akaipeleka kwenye maonesho, ikanunuliwa palepale. Jina langu halikuwepo na hela sikuiona. Kwa hiyo, kanuni yako hiyo, kaka, ishike wewe.

Darubini: Mmeng'ang'ania viti, wakati watu hao walitengeneza filamu zaidi ya 100. Moscow 1959, wakati wa vita baridi, skrini 7 kwa mpigo, picha zaidi ya 2,200 kwa muda usiofika robo saa, zote za kuwaonesha Warusi jinsi Mmarekani anavyoishi. Waliotuma ni serikali. Filamu ya Powers of Ten ya 1977 je? Waliitengenezea IBM, kampuni ya kompyuta. Kwangu hawa walikuwa wapiga debe wa wakubwa.

MamaSponji: Na fundi aliyepata tenda ya madawati ya serikali naye ni mpiga debe? Mbona hutaji mji wa Ahmedabad? Serikali ya India iliwaita, wakaandika ripoti 1958, chuo cha ubunifu, National Institute of Design, kikaanzishwa huko 1961. Kilichowashangaza kuliko vyote kilikuwa lota, chombo cha kawaida cha maji. Hakina mbunifu mmoja, kimerekebishwa na mikono ya vizazi na vizazi. Watu walioona hivyo hawawezi kuwa wapiga debe tu.

Darubini: Mtu anaweza kuipenda lota na bado akala hela ya IBM.

Patasi: Jamani, mteja anapiga simu.

MamaSponji: Patasi, mwambie mteja ukweli kwamba ni nakala, na kwenye risiti andika "kwa mfano wa Charles na Ray Eames". Wote wawili. Waingereza wa RIBA, taasisi ya wasanifu majengo, walipotoa nishani ya dhahabu 1979 waliipa ofisi ya wote wawili, na Charles alikuwa ameshakufa mwaka mmoja kabla. Huo hapo ushahidi, Msasa.

Msasa: Hiyo ni 1979. Mimi nimeuliza 1946.

Patasi: Nitaandika. Vinia nitaweka ya mninga, ile mbao yao ya Brazili siipati. Kinachonishinda ni kupinda. Kile kina maganda matatu, la kichwa, la mgongo na la makalio, na kila moja ni tabaka 5 zilizogandishwa pamoja. Nani ana prisi, mashine ya kukandamizia?

MtotoWaKeko: Ninayo. Naileta Jumamosi na nakaa nayo mpaka ganda la mwisho litoke. Ila risiti hiyo ina nafasi ya jina langu?

Msasa: 1946 bado hamjanijibu.