Mtu wa Nakuru kuzuru kaburi la Tom Mboya: nitapokelewaje?

Msafiri wa Bonde:
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, wa jamii ya Wakikuyu, na ingawa Kisumu ni mwendo wa saa chache tu kwa matatu, sijawahi kupita Kericho. Nyumbani kwetu, tangu machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, safari ya upande huo imekuwa jambo la kuahirishwa: leo kuna siasa, kesho kuna maandamano, na miaka imekwenda. Sasa nimeazimia kufika Kisumu, kisha kisiwani Rusinga alikozikwa Tom Mboya, waziri Mjaluo aliyepigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Ninajua kwamba aliyehukumiwa kwa mauaji hayo alikuwa mtu wa jamii yangu. Je, inafaa niwaulize wenyeji habari za mwaka huo, au nitakuwa ninatonesha kidonda? Na je, nijitambulishe kwa jina langu kamili?

Mwalimu Mstaafu, Kisumu:
Karibu, mwanangu. Jina lako usilifiche, kwa maana huku mtu anayebabaika anapoulizwa kwao ndiye anayetiliwa shaka.

Kuhusu mwaka 1969, anzia kwenye hospitali ya rufaa ambayo wakazi wengi bado wanaiita Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Rais Jomo Kenyatta, Mkikuyu, alikuja kuifungua tarehe 25 Oktoba, watu wakiwa bado na uchungu wa kifo cha Mboya. Akatupiana maneno makali na Jaramogi Oginga Odinga, Mjaluo na kiongozi wa upinzani, mbele ya umati, mawe yakarushwa, na walinzi wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kilipigwa marufuku na yeye mwenyewe akawekwa kizuizini.

Sisi wanafunzi tulikuwa tumepangwa kando ya barabara ya Ahero, wafupi mbele na warefu nyuma, ili sote tumwone Rais. Msafara uliporudi kwa kasi huku milio ikisikika, waliokuwa karibu zaidi na magari ni wale wafupi. Sitaeleza zaidi hapa. Lakini ukimuuliza mzee wa rika langu ni nani aliyeanza, atakupa siasa. Ukimuuliza alikuwa amesimama wapi siku hiyo, atakuvutia kiti.

Mkazi wa Mbita:
Ndugu, mwalimu amemaliza habari za Kisumu, basi mimi niseme za huku kwetu. Unaweza kuzunguka kwa barabara kupitia Homa Bay, au ushike njia ya Bondo hadi Luanda Kotieno na uvuke kwa feri mpaka Mbita. Kutoka Mbita, Rusinga unaingia kwa daraja. Jengo la kaburi limejengwa kwa umbo la risasi, kwa hiyo hutahitaji mtu wa kukueleza namna alivyokufa. Wageni wa makabila yote hufika hapo, na swali la kwanza watakalokuuliza, yaani unatoka wapi, ni salamu tu, si mahojiano ya polisi.

Jambo moja ulikumbuke unapokuja na hofu hiyo ya jamii yako: mwaka 1961 Mboya alichaguliwa kwa kura nyingi mno katika eneo la Nairobi Mashariki, ambako wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu. Babu zako huenda walimpigia kura. Wazee wa hapa wanalijua hilo, na mimi nimewasikia wakilitaja bila kuulizwa. Tena, ukikaribishwa samaki wa ngege na ugali, kaa ule. Kukimbilia matatu kabla ya chakula ndiko kutakakowaudhi.

Jirani wa Nakuru:
Mimi nina shaka kidogo. Kaburi halina ubishi na mtu, na ni rahisi kusafiri mbali ukapatane na marehemu huku jirani yako Mjaluo wa mtaani Nakuru hujawahi kuingia kwake. Muulize yeye kwanza; pengine ana jamaa Rusinga atakayekupokea. Na siku utakapopata nafasi nyingine, nenda Kapenguria ukaone vyumba walimofungiwa Kenyatta na wenzake watano na wakoloni wakati wa kesi ya Mau Mau ya 1952 na 1953. Mmoja wa hao watano alikuwa Achieng Oneko, Mjaluo, na mwaka ule ule wa 1969 serikali ya Kenyatta ikamweka Oneko kizuizini. Ukiyatazama majina hayo yakiwa pamoja, hutaweza tena kuisimulia habari hii kama ugomvi wa makabila mawili peke yake.

Msafiri wa Bonde:
Ahsanteni sana. Jirani, umenigusa, kwa sababu fundi anayetushonea nguo anatoka Homa Bay na hatujawahi kuzungumza lolote zaidi ya vipimo na bei. Nitapita kwake Jumamosi. Ndugu wa Mbita, naomba unieleze kama feri hiyo hubeba pia magari madogo, na iwapo ya asubuhi hujaa mapema siku za soko.