Mrejesho: gari iliyokuwa ikichemsha njia ya Masasi

Wakuu, nimerudi. Ni mimi niliyeuliza kuhusu gari inayochemsha, ambayo fundi aliitoa thamostati (kifaa kinachoongoza mzunguko wa maji ya kupoza injini) na kufunga paipu ya rejeta kwa mpira wa tyubu.

Nilianza na ushauri wenu wa kuvunja yai ndani ya rejeta ili lizibe tundu linalovujisha maji. Tundu liliziba, nikatoka Mtwara mjini nikafika Mnazi Mmoja, mshale wa joto ukapanda hadi mwisho. Aliyenionya nizime papo hapo na nisiguse mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, Mungu akubariki. Mvuke ule ungeniunguza uso. Nilikaa chini ya mkorosho mpaka ikapoa.

Aliyesema nichomoe kijiti cha oili naye alipatia: oili ilikuwa kama chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji. Sikuwasha tena, nikavutwa. Gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho kati ya injini na hedi, sehemu yake ya juu) ilikuwa imeungua na hedi imepinda. Hedi imechongwa, gasketi mpya, oili mpya, thamostati imerudi. Rejeta nimenunua nyingine, yai liliganda kwenye vinjia vyake.

Wiki ya 3 sasa haichemshi. Ila bado inakula oili, na fundi anahisi ni ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande kuungua, zimekwisha. Asanteni sana, ndugu zangu.